Tarehe 24 Novemba: siku iliyogeuza Congo mara mbili

Wazazi waliosoma shule wakati wa Zaire wanaikumbuka vizuri tarehe 24 mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa sikukuu ya taifa. Ofisi zilifungwa, wanafunzi walifanya defile mbele ya viongozi, na vikundi vya ngoma viliimba kumsifu Mobutu na chama cha MPR. Siku hiyo ilikumbusha namna jeshi lilivyochukua utawala mwaka 1965.

Lakini kwa wakaaji wa Kisangani, tarehe hiyo ilikuwa na maana nyingine hata kabla ya Mobutu kuwa rais. Mwaka mmoja kamili mbele ya mapinduzi yake, tarehe 24 Novemba 1964, askari wa Ubelgiji waliruka na miavuli kutoka ndege za Marekani, wakashuka juu ya mji huo, wakati ule ukiitwa Stanleyville. Watu wengi walikufa siku hiyo na siku zilizofuata. Kwao hakukuwa na sikukuu wala defile.

Matukio haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja, kwa sababu la kwanza lilisaidia kufungua njia ya la pili. Na kabla ya kufika Stanleyville, tuangalie kwa haraka kwamba tarehe hiyo imeona vita katika inchi nyingine pia. Mbili kati ya vita hivyo vinagusa Congo kwa namna ambayo wengi hawafikirii.

Kutoka Marekani hadi Japani

Tarehe 24 Novemba 1863, Wamarekani walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, kaskazini dhidi ya kusini, na utumwa ukiwa kiini cha ugomvi. Siku hiyo askari wa kaskazini, chini ya jenerali Joseph Hooker, walipanda mlima wa Lookout karibu na mji wa Chattanooga na kuwafukuza watu wa kusini. Ukungu ulikuwa mzito, na walio chini hawakuona vizuri kilichokuwa kinaendelea juu. Kesho yake jeshi la Ulysses Grant lilivunja kabisa ngome ya kusini katika eneo hilo.

Katika vita hivyo vya Marekani, mwaka mmoja na nusu mbele ya Chattanooga, kijana mmoja mzaliwa wa Wales alikuwa amepigana upande wa kusini, akakamatwa mateka kwenye mapigano ya Shiloh, kisha akaingia jeshi la kaskazini. Jina lake ni Henry Morton Stanley. Ndiye aliyeshuka mto Congo mwaka 1877, akarudi baadaye kumfanyia kazi mfalme Leopold wa Pili, na mwezi wa Desemba 1883 akaweka kituo kwenye maporomoko ya maji ya Boyoma. Kituo hicho kilikua kikawa mji, na mji ukabeba jina lake.

Tarehe 24 Novemba 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vinawaka, ndege 111 za Marekani aina ya B-29 ziliondoka kisiwa cha Saipan, katika visiwa vya Mariana, kwenda kupiga Tokyo. Zilikuwa zinatafuta kiwanda cha injini za ndege cha Nakajima. Upepo na mawingu viliharibu kazi, mabomu mengi hayakugusa kiwanda. Lakini tangu siku hiyo mji mkuu wa Japani ulijua kwamba ndege kutoka visiwa vile zinaweza kuufikia.

Miezi minane na nusu baadaye, tarehe 6 Agosti 1945, ndege nyingine ya B-29 iliondoka Tinian, kisiwa jirani na Saipan, ikaangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Sehemu kubwa ya uranium ambayo Wamarekani walitumia katika kazi ya kutengeneza mabomu yao ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Wacongomani waliochimba mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Hata karibuni, tarehe 24 Novemba 2015, ndege za Uturuki zilidungua ndege ya kivita ya Urusi karibu na mpaka wa Syria, na rubani wake akauawa. Kwa siku kadhaa dunia iliogopa kwamba inchi hizo mbili zitapigana. Mambo yalitulizwa polepole kwa njia ya mazungumzo.

Sasa tuje nyumbani.

Waasi walioitwa Simba

Mwaka 1964 Congo ilikuwa na miaka minne tu ya uhuru. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa Januari 1961. Askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka tarehe 30 Juni 1964, na siku chache baadaye rais Joseph Kasa-Vubu akamwita Moïse Tshombe kuwa waziri mkuu, mtu yule yule aliyekuwa ameongoza kujitenga kwa Katanga. Raia wengi walikuwa wamechoka. Waliona wanasiasa wachache wakijaza nafasi za wazungu, wakikaa katika nyumba zao na kuendesha magari yao, huku wao wakibaki na njaa. Katika Kwilu, Pierre Mulele alikuwa amekwisha kuanzisha uasi, na watu walianza kusema juu ya uhuru wa pili.

Mashariki, moto uliwaka kupitia Burundi. Gaston Soumialot aliandaa watu wake Bujumbura. Mwezi wa tano Uvira ilianguka, kisha Fizi, kisha Albertville ambayo leo ni Kalemie, kisha Kindu. Wapiganaji walijiita Simba, kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa inaunganisha watu kutoka ziwa Tanganyika hadi maporomoko ya Boyoma. Wengi walikuwa vijana wadogo sana. Walinyunyiziwa dawa na kuambiwa kwamba risasi itageuka maji wakipiga kelele za mai Mulele. Askari wa jeshi la taifa, ANC, waliamini dawa hiyo kama wao, na mara nyingi walikimbia bila kupigana.

Mji mmoja mkubwa ulisimama. Mwezi wa nane, Simba walipoingia Bukavu, kanali Léonard Mulamba na askari wake waliwarudisha nyuma. Jina la Mulamba lilijulikana inchi nzima. Litarudi tena mbele katika habari hii.

Stanleyville yenyewe ilianguka mwanzo wa mwezi wa nane, chini ya jenerali Nicolas Olenga. Tarehe 5 Septemba, Christophe Gbenye alitangazwa rais wa Jamhuri ya Watu wa Congo, mji huo ukiwa mji wake mkuu. Ulikuwa mji wa Lumumba, ndiyo sababu wakaaji wengi waliwapokea Simba kwa shangwe.

Shangwe haikudumu. Mbele ya sanamu ya kumbukumbu ya Lumumba, watumishi wa serikali, wanasiasa na watu waliosoma waliuawa hadharani, mbele ya umati. Kosa la wengi wao lilikuwa kuvaa shati na tai, kujua kusoma au kuhesabiwa kuwa watu wa Léopoldville. Hao ndio waliokufa wa kwanza, wote wakiwa Wacongomani, na ndege za nje hazikuja kwa ajili yao.

Asubuhi ya Jumanne

Dunia iliamka wakati Simba walipoanza kuwashika wazungu mateka. Wageni zaidi ya elfu moja walikuwa wamebaki katika mji na eneo lake: Wabelgiji wengi, Wamarekani, Wahindi, Wagiriki na wengine. Konsula wa Marekani, Michael Hoyt, alikuwa amefungwa pamoja na wafanyakazi wake. Paul Carlson, daktari mmisionari wa Kiprotestanti aliyekuwa anatibu wagonjwa Wasolo, kule Ubangi, alitangazwa kwenye Redio Stanleyville kuwa jasusi na meja wa jeshi la Marekani. Haikuwa kweli. Gbenye na Olenga walitaka kuwatumia wageni hao kama ngao, ili serikali isimamishe askari wake na mamluki wazungu waliokuwa wanapanda kutoka kusini.

Mazungumzo yalijaribiwa. Jomo Kenyatta aliongoza kamati ya Umoja wa Afrika, OUA, na tarehe 23 Novemba, mjini Nairobi, Thomas Kanza aliyewakilisha waasi alikutana na balozi wa Marekani, William Attwood. Hawakupatana. Wakati huo tayari makomando wa Ubelgiji walikuwa wamefika kambi ya Kamina, Katanga, baada ya safari ndefu kupitia kisiwa cha Ascension katikati ya bahari ya Atlantiki. Operesheni yao iliitwa Dragon Rouge.

Kesho yake, Jumanne tarehe 24, karibu saa kumi na mbili asubuhi, ndege tano za C-130 zilipita juu ya uwanja wa Simi-Simi. Makomando karibu 320 waliruka, wakiongozwa na kanali Charles Laurent. Waliondoa mapipa na magari yaliyofunga njia ya ndege, wenzao wengine wakatua, kisha wakaelekea mjini kwa miguu.

Mjini, Simba walisikia ndege. Waliwatoa mateka karibu 250 katika hoteli Victoria, wakawapanga barabarani na kuwaamuru wakae chini. Walipotambua kwamba makomando wamekaribia, baadhi ya Simba walifyatua risasi juu ya watu waliokaa. Zaidi ya 20 walikufa au kujeruhiwa vibaya mno, wanawake na watoto wakiwemo. Daktari Carlson alikuwa anapanda ukuta kujiokoa wakati risasi zilipompata. Makomando walifika dakika chache tu baadaye.

Kabla ya saa sita mchana, msafara wa jeshi la serikali uliingia mjini kwa barabara. Uliongozwa na kanali Mbelgiji Frédéric Vandewalle, na ndani yake walikuwa mamluki wa Mike Hoare, wengi wao kutoka Afrika Kusini na Rhodesia. Juu zilikuwa zinaruka ndege za kivita zenye marubani Wacuba waliokimbia utawala wa Fidel Castro. Hivyo ndivyo vita vya Wacongomani vilivyokuwa siku ile: Wabelgiji, Wamarekani, Waafrika Kusini na Wacuba, kila mmoja na hesabu yake.

Tarehe 26 makomando walishuka tena Paulis, ambayo leo ni Isiro. Kisha wakaondoka Congo kabla mwezi haujaisha. Wageni zaidi ya elfu moja walikuwa wameokolewa na kupelekwa kwa ndege. Kwa familia zao hiyo ilikuwa furaha kubwa, na hakuna sababu ya kuwanyima.

Waliobaki nyuma

Tatizo ni waliobaki. Siku ile makomando hawakuvuka mto. Ng'ambo ya kushoto, wamisionari na wageni wengine waliuawa kabla ya mtu yeyote kuwafikia. Habari ya Stanleyville ilipowafikia Simba katika miji midogo na vijiji, hasira yao iliangukia waliokuwa mikononi mwao. Askofu wa Wamba, Joseph Wittebols, aliuawa tarehe 26. Tarehe 29, Simba walifika na lori kwenye nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, wakawachukua wote. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, mjini Isiro, sista kijana Anuarite Nengapeta aliuawa kwa kukataa kulazimishwa kulala na kiongozi mmoja wa waasi. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, Agosti 1985. Waamini wengi wanaomkumbuka Anuarite kila tarehe 1 Desemba hawajui kwamba kifo chake kilitokea wiki moja baada ya Stanleyville kuanguka.

Na kulikuwa na upande wa pili. Mji ulipochukuliwa, askari wa ANC na mamluki walianza kulipiza kisasi. Kijana yeyote aliweza kuitwa Simba. Watu waliuawa kwa sababu ya alama ya chanjo ya dawa mwilini, kwa sababu ya kabila, au kwa sababu jirani aliwaelekezea kidole. Nyumba na maduka viliporwa. Katika uasi huo mzima na kuzimwa kwake, maelfu na maelfu ya Wacongomani walikufa. Majina ya wageni waliokufa yaliandikwa na kuchapishwa. Majina ya Wacongomani, kwa sehemu kubwa, hayakuandikwa na mtu.

Afrika ilikasirika. Inchi nyingi zilipeleka malalamiko kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, zikisema kwamba Ubelgiji na Marekani zimeingia inchi huru kwa nguvu. Tarehe 11 Desemba, Che Guevara alisimama New York na kulaani kilichofanyika Stanleyville. Mwezi wa nne 1965 alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akaingia milima ya Fizi kusaidia waasi waliobaki, kati yao Laurent-Désiré Kabila. Alikaa miezi saba bila kufaulu. Tarehe 21 Novemba 1965 alirudi kuvuka ziwa. Siku tatu tu baadaye, Congo ilipata bwana mpya.

Mwaka mmoja kamili

Stanleyville ilimpa Tshombe ushindi, lakini ilimpa Mobutu zaidi. Joseph-Désiré Mobutu alikuwa mkuu wa ANC. Jeshi lililokuwa linakimbia mbele ya vijana wenye mikuki sasa lilionekana kuwa ndilo limeokoa inchi, hata kama kazi ngumu ilifanywa na wageni. Inchi za Magharibi zilizokuwa zimeleta ndege na pesa zilimjua Mobutu, na yeye alizijua.

Wanasiasa walimsaidia kwa ugomvi wao. Katika uchaguzi wa 1965, muungano wa Tshombe ulioitwa CONACO ulipata viti vingi. Tarehe 13 Oktoba, Kasa-Vubu alimfukuza Tshombe na kumteua Évariste Kimba. Katikati ya Novemba bunge lilimkataa Kimba. Kasa-Vubu akamteua tena mtu yule yule. Serikali ilikwama kabisa, kama ilivyokwama mwaka 1960 kati ya Kasa-Vubu na Lumumba.

Jumatano usiku, tarehe 24 Novemba 1965, wakubwa wa jeshi walikutana Léopoldville. Walikuwa 14. Waliamua kuwaondoa Kasa-Vubu na Kimba na kumweka Mobutu, aliyekuwa na umri wa miaka 35, kuwa rais. Risasi haikulia. Asubuhi ya tarehe 25 tangazo lilisomwa kwenye redio, na ndivyo raia walivyojua kwamba utawala umebadilika wakiwa wamelala. Waziri mkuu mpya aliitwa Léonard Mulamba, yule yule wa Bukavu.

Wengi walifurahi. Walikuwa wamechoka na vita na maneno ya bunge. Mobutu aliahidi kukaa miaka mitano tu, kurekebisha mambo. Alikaa zaidi ya 31.

Dalili zilionekana mapema. Mwezi wa sita 1966, Kimba na mawaziri wa zamani Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba walinyongwa mbele ya umati mkubwa Léopoldville, baada ya kesi iliyochukua muda mfupi sana. Mulamba mwenyewe aliondolewa mwaka huo huo. Kasa-Vubu alikufa Boma mwaka 1969. Tshombe alikufa mwaka huo huo Algeria, akiwa mfungwa.

Nani anachagua siku ya kukumbukwa?

Utawala wa Mobutu ulijua nguvu ya tarehe na majina. Mjini Kinshasa kulikuwa na barabara ya 24 Novemba na uwanja wa michezo wa 24 Novemba. Uwanja mkubwa zaidi uliitwa Kamanyola, jina la mahali katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, ambapo utawala huo ulieleza kwamba Mobutu mwenyewe aliongoza askari dhidi ya waasi mwaka 1964. Mwaka 1997, AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipoingia Kinshasa, sikukuu ilifutwa. Barabara ya 24 Novemba ikawa barabara ya Libération. Uwanja wa Kamanyola ukaitwa wa Martyrs, kwa kuwakumbuka Kimba na wenzake.

Kila utawala ulibandua kibao na kubandika chake. Lakini katika mabadiliko hayo yote, waliokufa mbele ya sanamu ya Lumumba, waliokufa hoteli Victoria, waliouawa kwa kisasi katika mitaa ya Kisangani na vijiji vya Tshopo hawakupewa siku yao. Wakati wa Mobutu, tarehe 24 Novemba iliwekwa kwa ajili ya mtu mmoja aliye hai, wakati tayari ilikuwa ya maelfu ya wafu. Baada ya Mobutu, tarehe ilitupwa pamoja na yeye.

Kisangani, jina ambalo mji ulichukua mwaka 1966, uliona mengine baadaye: waasi wa askari wa Katanga na mamluki mwaka 1966 na 1967, kuingia kwa AFDL mwaka 1997, vita vya siku sita kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda mwezi wa sita 2000. Kila mara wenye bunduki walitoka mbali na kila mara walisema wamekuja kuokoa. Wakaaji ndio waliozika maiti.

Walioona asubuhi ile ya Jumanne wakiwa na akili ya kukumbuka sasa ni wazee. Kila mwaka wanapungua. Majina ya jirani, mwalimu, karani na kijana wa mtaa waliotoweka wiki zile yako bado vichwani mwao, si katika vitabu. Shule, parokia na redio za mtaa zinaweza kuwauliza na kuandika, kazi isiyohitaji sheria wala pesa nyingi. Kalamu na daftari vinatosha, na muda wa kukaa chini na mzee kumsikiliza.